Kwa bibi sobadora, kijijini Yucatán: mgongo wa shemeji, bega langu na mikono ya mama mkwe

Nimeshaenda kwa huyu bibi mara saba ndani ya mwaka mmoja na nusu, mara mbili kwa bega langu mwenyewe, mara mbili kumsindikiza shemeji na mgongo wake, zilizobaki ni za mama mkwe na mama mkwe ndo sababu hasa ya mimi kukaa chini niandike. Kwa wasiojua, sobadora ni mama anayechua, kazi yake ni mikono tu, anakanda misuli, anarudisha kiungo kilichoteguka, anawachua wanawake waliotoka kujifungua, na huku vijijini mashariki mwa Yucatán, Meksiko, ukikosa wa kijiji chako basi kijiji cha jirani yupo. Mimi nimeolewa huku, mume wangu ni Mmaya, kwao wanaongea Kimaya toka asubuhi mpaka kulala, mama mkwe Kihispania chake ni cha sokoni tu. Nasema hivi mapema ili mjue sikwenda kama mtalii.

Jina la kijiji siandiki, ameniomba mwenyewe. Alishawahi kushushiwa gari zima la wageni wanataka kupiga picha na yeye huku ana mgonjwa mkekani, hakupenda kabisa na namuelewa. Ni kama dakika 40 kutoka mji wa Valladolid kwa gari za abiria, hiyo inatosha.

Kabla ya habari ya huduma lazima niseme miili inayofikishwa pale ni ya namna gani, maana bila hivo hutaelewa kwanini benchi lake halikauki watu. Yucatán ni bapa, chini ni mwamba wa chokaa, mto juu ya ardhi hamna, udongo ni kiasi cha kiganja juu ya jiwe. Shamba la mahindi wanaita milpa na halilimwi kwa trekta kwa sababu mawe yamejaa, mtu anafyeka msitu, anachoma, anasubiri mvua za mwezi wa tano wa sita, alafu anapita na mti wenye ncha anatoboa shimo, anadondosha mahindi na maharage na maboga, anafukia kwa mguu, hatua moja, shimo lingine, hivo hivo siku nzima. Akirudi jioni harudi mikono mitupu, anarudi na mzigo wa kuni mgongoni umeshikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, mecapal wanauita, kwa hiyo shingo ndo inabeba. Na wanawake wanabeba kuni hivo hivo, nisije nikaeleweka vibaya.

Sasa njoo jikoni. Moto uko chini, mafiga matatu, wao wanasema k'óoben, pembeni kuna meza ya duara yenye miguu mifupi na kigoda, k'anche', na mwanamke anakaa pale magoti yamekunjwa, mgongo umeinama, anapiga tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi, kwa vidole moja baada ya nyingine huku moshi unampiga usoni. Mama mkwe alipokuwa na nguvu zake nilimhesabia siku moja, zilipita 100, kwa mlo mmoja na nusu wa familia yake. Akitoka hapo anasimama kwenye beseni la kufulia ameinama tena, mchana akipata nafasi anashika sindano anadarizi huipil, vazi lao la kike, ile darizi ya misalaba midogo midogo wanaiita xocbichuy, mpaka jua linazama, hiyo ndo pesa yake ya sokoni Valladolid. Vijana wa kiume milpa hawakai sana siku hizi, Jumatatu alfajiri gari linawabeba kwenda Cancún, Playa del Carmen, Tulum, wanajenga mahoteli, Jumamosi wanarudi na migongo ya wazee.

Ukimuuliza mtu yeyote pale anaumwa nini na kwanini, sababu ni mbili tu: kazi, au upepo. Wanaamini mwili uliopashwa na moto wa jikoni au pasi ukiguswa na maji baridi au upepo, ule ubaridi unaingia kwenye viungo unakaa. Mama mkwe akitoka kupika hanawi mikono kwa maji ya baridi hata umlazimishe. Mimi sikumshangaa maana lugha yetu nayo imebeba wazo hilo hilo, si tunasema baridi yabisi? Jina lenyewe limeshamtaja mtuhumiwa.

Haya, huduma yenyewe. Nyumba yake ni ile ya zamani ya Kimaya, mviringo kidogo pembeni, paa la makuti ya xa'an, ndani kuna ubaridi mzuri hata saa nane mchana. Hakuna miadi, hakuna simu, unafika unakaa benchi la nje chini ya mti wa ndimu kali unasubiri. Mimi mara ya kwanza nilisubiri saa mbili na nusu. Ndani kuna pazia moja, nyuma ya pazia mkeka na godoro jembamba, mshumaa, sanamu ya Bikira, chupa za spiriti zilizolowekwa majani ya ruda, kopo la mafuta ya nguruwe, basi. Anawasha mshumaa kwanza, anajifuta mikono, anakuuliza. Na hapa ndo nilipomheshimu mara ya kwanza kabisa, maana maswali yake si ya haraka haraka: imeanza lini, ulikuwa unafanya nini, inauma ukitembea au ukilala, asubuhi ikoje, ulianguka, una mimba, umekula nini. Anauliza kwa Kimaya na kama hujui anamuuliza aliyekuja na wewe. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, mikono yake ukiiona utadhani ya fundi seremala.

Kitu cha kwanza atakachogusa ni tumbo, hata kama umeenda na kisigino. Wao wana kitu wanaita tip'te', kiko chini ya kitovu, kinapiga kama mapigo ya moyo, na kikihama mahali pake mwili mzima unavurugika, unaumwa, hamu ya kula inaisha, mgongo unakaza. Kwa hiyo anakirudisha kwanza. Mimi siwezi kusema kisayansi kile ni nini, ninachojua ni kwamba ule mkandamizo wa taratibu dakika kumi tumboni unamfanya mtu alegee, na mtu aliyelegea ndo anachulika.

Bega langu nisiliongelee sana, lilikaza kwa kubeba mtoto upande mmoja, alilichua mara mbili, alinivuta mkono akauzungusha, nikalia machozi ya kweli, wiki iliyofuata nikaweza kufunga nywele. Imeisha hiyo.

Shemeji ni hadithi nyingine. Ana miaka 29, anabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kwenye ngazi za ghorofa huko Playa del Carmen, siku moja akainua mfuko akasikia kitu kimechanika kiunoni, akashindwa kusimama wima, wenzake wakampakia kwenye gari la Jumamosi kama gunia. Bibi alimuuliza mambo mawili ambayo sikutegemea: miguu ina ganzi? mkojo na choo unavizuia vizuri? Akamwambia ainue mguu mmoja mmoja akiwa amelala chali. Alipojiridhisha ndo akaanza kumchua, polepole kwanza juu ya makalio alafu pembeni ya uti, uti wenyewe hakuugusa. Alimfunga rebozo, ile kanga yao ndefu, kiunoni kwa nguvu akamwambia asilale siku nzima kwenye hamaka, kile kitanda cha wavu cha kuning'inia, atembee mpaka uwanja wa mpira arudi, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi kazini. Sasa nisiwadanganye, maumivu ya mgongo ya ghafla namna ile mengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo siwezi kuapa ni mikono ya bibi iliyomponya. Lakini ile ya kumuamsha atembee badala ya kumlaza ni ushauri sahihi kabisa, na ile ya kuuliza ganzi na mkojo ndo daktari yeyote mzuri angeanza nayo, kwa sababu mgongo ukiambatana na hivyo vitu ni hospitali hapo hapo, si suala la kuchua. Kajifunza wapi? Nilimuuliza. Akasema kwa mama yake, na kwa mgonjwa mmoja wa zamani ambaye hakumuuliza. Hakuendelea na mimi sikuchimba.

Haya, mama mkwe.

Mama mkwe ana miaka 61 na ana kisukari, kama watu wengi sana wa huku. Mikono ilimuanza zaidi ya miaka miwili kabla hatujaenda kwa bibi. Akiamka vidole havifunguki, anakaa na mikono mapajani kwenye hamaka anasubiri, mpaka saa tatu, saa nne asubuhi ndo vinaanza kulegea. Vifundo vya vidole vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawa sawa, na viwiko vya mikono navyo, na nyayo. Alikuwa mtu wa kwanza kuamka nyumba nzima, sasa wifi akawa anawasha moto na yeye anajifanya bado ana usingizi. Hicho ndo kilimuuma mume wangu kuliko kitu chochote, kwamba mama yake anajificha.

Tulianza kliniki ya serikali ya karibu. Meksiko kijana akimaliza shule ya udaktari lazima atumikie jamii mwaka mmoja, wengi wanapelekwa vijijini, kwa hiyo kila mwaka unakuta uso mpya, na uso mpya mara nyingi haujui Kimaya. Huyu tuliyemkuta alikuwa na heshima lakini alikuwa na foleni, alimwangalia mama mkwe akasema ni umri na ni kazi, akampa dawa ya maumivu. Sheria ya haki za lugha za watu wa asili ipo toka 2003, sensa ya 2020 ilihesabu wasemaji wa Kimaya zaidi ya 770,000, lakini siku ile chumbani alikuwepo mmoja tu na ndo alikuwa mgonjwa. Mimi najaribu kumuelewesha kwa Kihispania changu kibovu. Alipoulizwa maumivu ni ngapi kwenye moja mpaka kumi alinyamaza. Alafu akasema nane, kwa sababu aliona tunataka namba.

Tukarudi. Ndipo yakaingia mambo ya vidonge, na hapa naomba msome kwa makini.

Kuna gari linapita vijijini na spika, linauza vidonge vya viungo, wanasema ni vya asili kabisa, mimea mitupu. Wifi akanunua kopo. Jamani, siku ya nne mama mkwe aliamka akawasha moto mwenyewe. Wiki ya pili tulikuwa na sherehe ya kijiji, kwenye vaquería, dansi ya sherehe, akacheza jarana, ngoma ya huku, watu walimpigia makofi, mume wangu alilia. Sisi wote tuliamini. Tukanunua kopo la pili na la tatu na la nne. Kufika mwezi wa tatu uso wake ukawa wa mviringo kama mwezi, tunamwambia umenenepa mama, umependeza, kumbe. Sukari ikapanda ikakataa kushuka. Ngozi ya mikono ikawa inachubuka kwa kuguswa tu. Alafu gari likakaa wiki mbili bila kupita, vidonge vikaisha, na ndani ya siku tatu mama mkwe akawa hawezi kusimama, anatapika, amelegea kama nguo iliyolowa. Tulikimbia naye Valladolid usiku, wakamuwekea dripu, akainuka, tukaambiwa ni tumbo na sukari. Hakuna aliyetuuliza anakunywa nini, na sisi hatukusema, kwa sababu mtu hasemi "dawa" kwa kitu alichoambiwa ni majani. Gari likapita tena, akaendelea navyo.

Kwa hali hiyo ndo tulimpeleka kwa bibi. Nilitegemea atamchua mikono na mafuta, amfunge, tulipe, turudi. Alimkalisha, akawasha mshumaa, akamuuliza yale maswali yake yote. Alipofika kwenye asubuhi ikoje, mama mkwe akaeleza ile ya kusubiri kwenye hamaka mpaka saa nne. Bibi akaacha kuuliza. Akachukua mikono yote miwili akaiweka juu ya mapaja yake, akapitisha mgongo wa kiganja chake juu ya kila kifundo, polepole, kama anavyopima homa ya mtoto, kulia alafu kushoto, kulia alafu kushoto. Akabonyeza kimoja kwa ncha ya kidole gumba kidogo sana. Mama mkwe akaruka.

"Hii sikandi," akasema. "Kiungo chenye moto sikigusi. Nikikikanda kesho utanilaani."

Alafu akamuuliza kama anakunywa vidonge vya gari. Hakuuliza kama anakunywa dawa, aliuliza moja kwa moja vidonge vya gari. Kumbe alishaona wanawake watatu wenye uso ule ule wa mwezi kwenye benchi lake. Akatuambia twende na kopo lenyewe mpaka kwa daktari wa viungo Mérida, mji mkuu wa Yucatán, siyo Valladolid, Mérida, na tusimwachishe kwanza mpaka daktari aone, kwa sababu mmoja wa wale watatu aliachishwa na watoto wake kwa siku moja, wakakaribia kumzika. Mume wangu akatoa pesa, bibi akazirudisha. Akasema hajafanya kitu.

Mimi nimekuwa hospitali na zahanati nyingi maishani mwangu na sijawahi kuona mtu anamuangalia mgonjwa vile. Dakika ishirini na hakumchua hata kidogo, na ile ndo ilikuwa huduma bora kuliko zote nilizopata pale.

Mérida ni kama kilomita 160, basi linachukua saa mbili na kitu, foleni ya kuonana na daktari wa viungo tulisubiri wiki saba. Daktari mwenyewe ni mama wa huko huko Yucatán, na alipoona mama mkwe amenyamaza kwenye swali la moja mpaka kumi akaliacha, akamuuliza: unaweza kupiga tortilla? Ngapi? Unaweza kukamua nguo? Kufunga kitambaa kichwani? Hapo mama mkwe akafunguka, aliongea robo saa nzima, mume wangu anatafsiri anashindwa, kwa sababu Kimaya kina chi'ibal na kina k'i'inam na mama anatumia yote mawili kwa sehemu tofauti, Kihispania yote yanaishia kuwa dolor. Walimtoa damu, wakapiga eksirei ya mikono, mifupa ya vifundo ilikuwa imeshaanza kuliwa pembeni. Ni baridi yabisi ile ya kweli, ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia utando wa viungo. Si umri, si kazi, si maji ya baridi. Akatuonyesha tofauti kwa mikono yake mwenyewe: ile ya kuchakaa kwa viungo inauma ukikitumia na inapoa ukipumzika, inapenda goti na nyonga na vifundo vya mwisho karibu na kucha. Hii inauma zaidi baada ya kupumzika, asubuhi inafunga zaidi ya saa nzima, inashika vifundo vya katikati na vya kwenye kiganja, pande zote mbili, vinavimba na vina joto. Bibi kule kijijini alikuwa ameyagusa yote hayo kwa mgongo wa kiganja.

Na si kwamba ni kitu adimu huku. Kuna mradi wa kupima maradhi ya viungo kwenye jamii, unaitwa COPCORD, ulianzishwa 1981 na Shirika la Afya Duniani pamoja na jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa viungo, na Meksiko ulifanyika kwenye mikoa mitano, watu 19,213, matokeo yakatoka 2011. Kwa ujumla baridi yabisi hii ilikuwa asilimia 1.6. Yucatán peke yake ilikuwa 2.8. Chukua kijiji chenye watu wazima 300, ni kama wanane. Wanane wanaosubiri kwenye hamaka zao mpaka saa nne na kila mtu anawaambia ni kazi. Na kwa sababu kweli wanafanya kazi ya kuvunja mtu, nani atabisha? Hapo ndo ugonjwa unapojificha, nyuma ya uchovu ambao kila mtu anao.

Kopo la vidonge daktari aliligeuza tu akalitambua. Alisema mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo mwaka 2022 kuhusu bidhaa za aina hii zinazouzwa kama za asili kwa maumivu ya viungo, ndani walikuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazijaandikwa kwenye kopo. Ile ya kwanza ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndo iliyomchezesha jarana, ndo iliyomuumua uso na kupandisha sukari, na mwili ukishaizoea unaacha kutengeneza ya kwake, kwa hiyo ukiikata ghafla mtu anaanguka kama mama alivyoanguka. Ikabidi ampe steroidi halali kwa dozi inayojulikana, anapunguza kidogo kidogo kwa miezi. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anakunywa vitu hivi saivi, msimnyang'anye leo usiku kwa hasira, mpelekeni na kopo lake.

Dawa aliyoanzishwa ni metotreksati, ya kuituliza hiyo kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, nasema kwa WIKI, ukiinywa kila siku inaweza kuua, pamoja na asidi ya foliki, na kupima damu ya ini kila baada ya muda. Maelezo yameandikwa kwa Kihispania na mama hasomi, kwa hiyo wifi alichora kanisa kwenye karatasi akaibandika juu ya kopo: siku ya kengele ndefu, kidonge. Siku nyingine kopo linakaa juu kabisa. Wiki sita za kwanza hakuna kilichobadilika na alitaka kuacha, nusura arudie vya gari, tukabembeleza. Wiki ya kumi akaamka vidole vinafunguka saa moja na nusu asubuhi.

Ndipo tukarudi kwa bibi, na safari hii alikubali. Alipitisha tena mgongo wa kiganja, akaona hamna moto, akamchua mikono kuanzia juu ya kiwiko mpaka mabegani, vifundo vyenyewe hakuvikanda mpaka leo. Akamfundisha wifi namna ya kumpasha mikono kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu asubuhi. Na akasema neno moja ambalo hakuna daktari aliyelisema: pandisheni moto. Yani jiko litoke chini. Mume wangu na shemeji walijenga jukwaa la mawe na udongo lenye kimo cha kiuno, wakaikatia ile meza ya duara miguu mirefu, sasa mama anapiga tortilla amesimama au ameegemea kiti cha kweli. Majirani wawili wameshaiga.

Kasoro zipo na nitazisema. Ile spiriti ya ruda ni kali, ngozi yangu ilipata malengelenge begani, kama una ngozi nyepesi mwambie atumie mafuta peke yake, hatakasirika. Shingo anaivunja, ule mkato wa ghafla wa kulia na kushoto mpaka ilie, mimi nilikataa na nawashauri mkatae, hasa wazee, mishipa ya damu ya shingo si ya kuchezea. Pazia ni moja na kila anayesubiri anasikia, mambo ya mkojo ya shemeji yalikuwa yamefika kwa fundi baiskeli kabla hatujafika nyumbani. Haandiki chochote, ukirudi baada ya miezi sita lazima umkumbushe. Na kuhusu mifupa iliyovunjika najua anafunga, sijamuona akifanya hivo kwa hiyo siwezi kumpa maksi, mimi ningeenda eksirei kwanza.

Bei hana. Anasema toa unachoweza, sisi tunaacha pesos 150, nimeona wengine wanaacha mayai, nimeona mwingine anaacha kuni. Kwa kulinganisha, yale makopo manne ya gari yalitugharimu zaidi ya pesos 1,000 kabla hatujahesabu usiku wa Valladolid.

Nyota zangu: kuchua misuli na viungo vilivyoteguka, tano. Kuuliza maswali, tano na ningempa na za wale wengine wote. Shingo, moja. Faragha, mbili. Vidonge vya gari havina nyota, nataka vipotee.

Mkienda, fikeni kabla ya saa moja asubuhi, Jumapili hachui, Jumamosi jioni msijaribu kwa sababu gari la wajenzi linakuwa limeingia na benchi linajaa vijana wenye viuno. Bebeni taulo lenu, na mtu wa kuwatafsiria kama hamjui Kimaya, Kihispania anakielewa lakini maswali yake mazuri anayauliza kwa lugha yake. Wajawazito mwambieni kabla hajagusa tumbo. Na kama mna mtu nyumbani mwenye mikono yote miwili inayovimba na kufunga asubuhi, msianzie kwake, katafuteni foleni ya Mérida leo hii, atawaambia hivo hivo yeye mwenyewe na hatapokea pesa yenu.